Bomba Likikosa Nguvu, Usikimbilie Pampu Mpya



Siku hizi si ajabu tena, ukipita hapa kwetu Unyambwa au katika vijiji vingine vya Singida, kuona nyumba yenye kisima chake uani, pampu ndogo, tangi jeusi juu ya mnara, na bomba linaloingia mpaka jikoni. Hiyo ni baraka kubwa. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kutafuta maji, sasa hufungua koki tu. Lakini baraka hiyo ina kawaida ya kuchoka. Mwaka wa kwanza maji hutoka kwa kishindo. Mwaka wa pili yapungua. Mwaka wa tatu ndoo moja haijajaa bado, na ugali umekwisha kuiva. Ndipo baba wa nyumba anapotamka lile neno tunalolijua sote: "Pampu hii haina nguvu. Tukivuna alizeti tutanunua kubwa zaidi."

Leo nataka tulizungumze neno hilo, maana mara nyingi si kweli, na mara nyingine ni la hatari. Pampu kubwa haizibui bomba lililoziba. Haiinui tangi lililowekwa chini mno. Wala haizai maji katika kisima kilichopungua. Badala yake yaweza kukikausha kisima chako, na cha jirani pia. Basi kabla ya kutoa shilingi hata moja, yatupasa kujua kwanza nguvu imepotelea wapi. Kazi hiyo yataka ndoo, saa, kamba, na subira. Si lazima uwe fundi.

PIMA KWANZA KWA NDOO

Mganga mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Nawe fanya vivyo hivyo. Chukua ndoo ya lita 20. Hakikisha tangi limejaa, funga koki zote za nyumba, kisha fungua moja mpaka mwisho na utazame saa. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, bomba lako latoa lita 10 kwa dakika, nalo ni bomba zuri. Ikijaa kwa dakika 10, latoa lita 2 tu kwa dakika.

Tofauti hiyo si ndogo. Sera ya Maji ya nchi yetu ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa kila mtu wa kijijini kwa siku. Nyumba ya watu 7, basi, yahitaji lita 175. Kwa bomba la lita 10 kwa dakika, maji hayo huchotwa kwa dakika 18 hivi. Kwa bomba la lita 2 kwa dakika, mama au binti atasimama pale karibu saa moja na nusu. Kisima kilichimbwa ili kuwapunguzia wanawake kazi, na sasa kazi imerudi kwa mlango wa nyuma. Huyo binti angekuwa anasoma masomo yake ya jioni.

Andika kipimo chako katika daftari, pamoja na tarehe. Kisha pima mahali pa pili, yaani chini ya tangi lenyewe, karibu na pale bomba linapotokea. Kama hakuna koki mahali hapo, mwambie fundi akuwekee moja. Ni kitu cha bei ndogo, nacho kitakufaa miaka mingi. Ukiisha kupima mahali pote pawili, jiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, tangi linajaa? Kama halijai, ugonjwa uko upande wa pampu na kisima.

La pili: Kama tangi linajaa, je, maji yana nguvu pale chini ya tangi, lakini nyumbani hayana? Hapo ugonjwa uko katika bomba la kati.

La tatu: Je, maji ni dhaifu mahali pote pawili, ingawa tangi limejaa? Hapo ugonjwa uko kwenye tangi lenyewe. Ama tundu lake limeziba kwa tope, ama limewekwa chini mno.

Angalia sana jambo moja. Katika maswali hayo matatu, pampu inahusika na la kwanza peke yake. Kazi ya pampu hukoma pale inapomwaga maji tangini. Kutoka tangini mpaka jikoni, maji hujiendea yenyewe kwa uzito wake. Ukinunua pampu kubwa mara tatu, tangi litajaa upesi zaidi, lakini jikoni maji yatatoka vile vile kama jana.

UREFU WA TANGI NDIO NGUVU YAKE

Sasa tuseme maji yanayotoka juu yanapata wapi nguvu. Yanaipata katika urefu. Kila mita 10 za kushuka, maji husukuma kwa uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba, yaani mahali padogo kama ukucha. Kila mita 1, basi, yatupa gramu 100.

Tuchukue mfano. Mtu amejenga mnara wa mita 3, na koki ya jikoni iko mita 1 kutoka ardhini. Kutoka sakafu ya tangi mpaka koki ni mita 2, kwa hiyo msukumo ni gramu 200. Bafuni ameweka bomba la mvua, nalo liko mita 2 juu. Hapo imebaki mita 1 tu, yaani gramu 100. Huyo akilalamika kwamba maji ya bafuni yanamdondokea kama machozi, ugonjwa wake ni huo. Akiuongeza mnara wake kwa mita 3, jikoni msukumo utakuwa gramu 500, na bafuni gramu 400, yaani mara nne ya ule wa kwanza. Wala hakugusa pampu, ila aangalie tu kwamba pampu aliyo nayo yaweza kupandisha maji mita hizo 3 zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba tangi pana la lita 5,000 lina nguvu kuliko dogo la lita 500. Sivyo. Yakiwekwa kwa urefu mmoja, na maji yakiwa kimo kimoja, yatasukuma sawasawa. Tangi kubwa hudumu siku nyingi zaidi kabla ya kwisha, lakini haliongezi nguvu ya koki. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, fikiri vizuri kama unahitaji tangi kubwa, au mnara mrefu.

Tena tazama ardhi yenyewe. Mara nyingine mnara umesimama kando ya kisima, kisima kiko bondeni, na nyumba iko mlimani. Mnara waonekana mrefu, lakini ukipima kwa usawa wa nyumba, tangi laweza kuwa juu ya koki kwa hatua moja tu. Waashi wana mpira mwembamba wa kuona ndani, wanaoujaza maji na kupimia usawa wa msingi. Mwite mwashi aje na mpira wake, apime. Kama sehemu iliyo juu zaidi ya uwanja wako iko nyuma ya nyumba, huenda ikafaa kuhamishia tangi huko, maana kilima hakidai saruji.

Lakini mnara si mchezo. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watoto. Miti inayoliwa na mchwa na matofali mabichi hayafai kabisa. Mnara wa kuongezwa lazima uanzie katika msingi, tena kwa fundi anayejua kazi. Na tangi la plastiki likae juu ya sakafu tambarare inayolibeba chini lote. Likikaa juu ya vyuma vichache, huinama katikati na kupasuka.

TANGI LIMEJAA, BOMBA LIMELEGEA

Tuseme umepima, ukaona maji yana nguvu chini ya tangi lakini nyumbani yamelegea. Fuata bomba kwa miguu yako, kutoka tangini mpaka nyumbani, ukitazama mambo haya moja baada ya jingine. Anza na yale yasiyo na gharama.

Kwanza, koki za njiani. Huenda mtoto ameigeuza moja, nayo imefunguka nusu tu. Tena zile koki za kuzungusha mara nyingi huweza kukudanganya. Mkono wake wazunguka vizuri, kumbe kile kibati cha ndani kimekatika, kimebaki chini kikiziba njia.

Pili, midomo ya mabomba. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Chokaa huganda polepole katika vitundu vya bomba la mvua na katika vichujio vidogo vya koki. Kama koki moja tu ndiyo dhaifu na nyingine zote ni nzima, usihangaike na tangi. Funga maji, fungua mdomo wa koki ile, uuloweke katika siki au maji ya ndimu usiku kucha, kisha uusugue kwa mswaki wa zamani.

Tatu, hewa. Bomba likilazwa kwa kupanda na kushuka kama mgongo wa ngamia, hewa hunaswa pale juu ya nundu, na maji hupita kwa kujibana chini yake. Dalili yake ni kwamba koki hukohoa na kutema kabla ya kutoa. Mara nyingi jambo hili hutokea baada ya tangi kukauka na kujazwa tena. Jaza tangi mpaka juu, kisha fungua koki zote za nyumba kwa pamoja mpaka maji yatoke bila kukohoa. Ikirudi mara kwa mara, chimbua nundu ile, ulaze bomba kwa mteremko mmoja.

Nne, kuvuja. Jioni, watu wakiisha kuoga na kula, funga koki zote na uzime pampu. Chovya ufito tangini, ukaweke alama pale maji yalipofika. Asubuhi kabla ya mtu kuchota, chovya tena. Maji yakiwa yamepungua, yako mahali yanapotelea. Tafuta ardhi yenye unyevu wakati wa kiangazi, au majani mabichi yaliyoota mstari juu ya njia ya bomba. Usidharau tone. Weka kikombe chini ya koki inayodondosha. Ikiwa kikombe cha mililita 200 chajaa kwa dakika 10, koki hiyo yamwaga karibu lita 29 kwa siku, kupita kile kiwango cha lita 25 cha mtu mzima. Umelisha mchanga sehemu ya mtu mmoja, na tatizo lilikuwa kipande cha mpira cha ndani ya koki.

Tano, wembamba wa bomba. Hili ndilo kosa linalopatikana sana, kwa sababu bomba jembamba ni rahisi kununua. Maji hupoteza nguvu kwa kusuguana na kuta za bomba, na kadiri bomba lilivyo refu na jembamba, ndivyo msuguano unavyozidi. Bomba la inchi moja lina uwazi mara nne ya bomba la nusu inchi, na katika safari ndefu hupitisha maji zaidi ya mara tano kwa mteremko ule ule. Kwa hiyo, kutoka tangini mpaka ukutani mwa nyumba laza bomba la inchi moja, au pungufu sana la robo tatu. Ndani ya nyumba, vipande vifupi vya nusu inchi vyafaa. Na kila kona ya ghafula huiba nguvu kidogo, basi usiweke kona nane mahali ambapo tatu zingetosha.

Sita, kutu. Kama bomba lako ni la chuma la zamani, kata kipande kidogo utazame ndani. Huenda bomba lililonunuliwa likiwa la robo tatu, sasa limebaki na tundu la kupenya kalamu tu. Kutu ya namna hiyo haisafishiki. Badili bomba.

TANGI HALIJAI

Sasa twende upande wa pili. Kama tangi lenyewe halijai, hapo ni haki kuitazama pampu. Lakini hata hapo, pampu yaweza kuwa haina hatia.

Kama ni pampu ya jua, panda utazame vioo vyake. Kiangazi cha Singida kina upepo na vumbi jingi, na vumbi likitanda juu ya vioo, umeme hupungua. Vioshe asubuhi na mapema vingali baridi, kwa maji matupu na kitambaa laini. Angalia pia kama mti uliokuwa mdogo wakati wa kuvifunga sasa unavitilia kivuli. Tena ujue kwamba pampu ya jua hutoa kidogo asubuhi na jioni, na nyingi mchana. Huo si ugonjwa.

Kama pampu iko juu ya ardhi na inanyonya maji kwa mpira au bomba, sikiliza kwa makini habari hii. Katika miaka ya 1640 Mwitaliano Torricelli alionyesha kwamba pampu ya kunyonya haivuti maji kama watu walivyodhani. Hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande ndani ya bomba, na nguvu ya hewa ina mpaka. Usawa wa bahari hewa yaweza kupandisha maji mita 10 hivi, basi. Mfaransa Pascal akaendelea mbele. Tarehe 19 Septemba 1648, kwa ombi lake, shemeji yake Périer alipanda mlima Puy de Dôme na kipimo cha zebaki, akaona zebaki imeshuka kwa sentimita 8 hivi, maana huko juu hewa ni nyepesi. Mlima huo unakaribia mita 1,500 juu ya bahari, na mji wetu wa Singida nao uko katika kimo kama hicho.

Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba hapa kwetu hewa haiwezi kupandisha maji hata mita 9, na ukitoa msuguano wa bomba, pampu ya juu inafanya kazi vizuri kama maji yako chini yake kwa mita 6 hivi, si zaidi. Mwezi wa Aprili maji ya kisima yako mita 5, pampu yafanya kazi. Mwezi wa Oktoba yameshuka mpaka mita 9, pampu yaunguruma bure. Ukinunua nyingine ya juu yenye mota kubwa mara mbili, nayo itaunguruma bure, tena kwa sauti kubwa zaidi. Dawa hapo ni pampu ya kuzamishwa majini, maana yenyewe hainyonyi bali husukuma kutoka chini.

Tazama pia vitu vidogo. Chujio la chini ya bomba la kunyonyea laweza kuwa limejaa tope. Kiungo kimoja kilicholegea chaweza kuingiza hewa, nawe utaona mapovu katika maji yanayotoka. Na ile vali inayozuia maji yasirudi kisimani yaweza kushikwa na kijiwe. Ukizima pampu na kusikia maji yakirudi chini kwa mlio, umekwisha kumjua mwizi.

Wale wachache wasio na mnara, ambao pampu yao husukuma maji moja kwa moja nyumbani kupitia kitangi cha chuma chenye hewa, waangalie hewa ya kitangi hicho. Zima umeme, fungua koki mpaka maji yaishe, kisha pima hewa kwa kipimo cha matairi. Yapasa iwe pungufu kwa paundi 2 kuliko ule msukumo unaoiwasha pampu. Ikipungua sana, pampu huwaka na kuzima kila dakika mpaka inaungua. Pampu ya baiskeli yatosha kuirudisha.

KISIMA KINA MPAKA WAKE

Haya yote yakiwa sawa, na bado tangi halijai, basi kisima ndicho kinachosema: "Siwezi zaidi."

Nchi yetu imekaa juu ya mawe magumu. Kila mtu aijua ile miamba mikubwa inayojitokeza pande zote za Singida. Maji ya ardhini hayakai humo kama katika pipa. Hukaa katika nyufa za mwamba na katika mchanga uliotokana na kuoza kwa mwamba, nayo husafiri polepole. Mvua ya kuyarudisha ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, kiasi cha milimita 500 mpaka 800 kwa mwaka. Baada ya hapo kisima hutumia akiba mpaka mvua nyingine.

Kama kisima chako ni cha kuchimbwa kwa mkono, pima jinsi kinavyorudisha maji. Funga jiwe kwenye kamba iliyo safi, ulishushe ukiwa umesimama nje, nyuma ya ukingo, nawe usikie linapogusa maji. Weka fundo kwenye kamba. Endesha pampu mpaka maji yashuke sana, uizime, uweke fundo la pili. Ngoja saa moja kamili, upime tena. Kisima chenye upana wa mita 1.2 kina lita 113 katika kila sentimita 10 za kimo. Ikiwa maji yamepanda sentimita 30 kwa saa moja, kisima chako chatoa lita 340 kwa saa. Huo ndio mshahara wake. Ukiweka pampu ya kutoa lita 2,000 kwa saa, itakifikisha chini kwa muda mfupi, itanyonya mchanga na hewa, nayo itaungua. Kama kisima ni kirefu, cha kuchimbwa kwa mashine, daima karatasi ya mchimbaji inayoonyesha kina, mahali maji yalipo, na kiasi cha maji kwa saa. Itunze pamoja na hati za nyumba.

Na hapa ndipo penye habari njema. Kisima hicho cha lita 340 kwa saa si kisima maskini. Pampu ndogo ya lita 300 kwa saa, ikifanya kazi saa 6 za jua kali, itapandisha tangini lita 1,800. Tumekwisha kusema kwamba nyumba ya watu 7 yahitaji lita 175. Lita 1,800 zatosha nyumba kumi za namna hiyo, au nyumba moja na ng'ombe wake, mbuzi, kuku, na bustani ya mchicha. Pampu ichote polepole mchana kutwa. Tangi likae juu. Bomba la kushukia liwe pana. Mambo hayo matatu yakiwapo, jikoni maji yatatoka kwa nguvu, na kisima kitapumua.

Utauliza: "Je, nisichimbe zaidi?" Waweza kufika huko, lakini usifanye kwa siri wala kwa mashine ya mtu asiyejulikana. Kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, uchimbaji wa visima virefu unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Sisi tuko katika Bonde la Kati, na ofisi yake kuu iko hapa hapa mjini Singida. Kibali hicho si karatasi ya kutusumbua tu. Ufa mmoja wa mwamba waweza kulisha kisima chako na cha mjane aliye ng'ambo ya njia. Pampu yako kubwa ikivuta mno, ndoo yake itagonga mawe makavu, naye hatajua ni kwa nini. Kabla ya kuongeza pampu, zungumza na jirani zako, mpime visima vyenu siku moja. Maji ya chini hayajui mpaka wa shamba.

USISHUKE KISIMANI

Nimeliweka neno hili karibu na mwisho ili likae katika kumbukumbu. Mtu akiona pampu ya juu haivuti, hupata shauri la kuishusha mashine ya petroli ndani ya kisima, ili ikaribie maji. Shauri hilo ni kifo. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo hujaa shimoni. Anayeshuka kuizima huishiwa nguvu kabla ya kuita. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Namna hii nyumba moja yaweza kupoteza baba na mwana katika dakika chache.

Hata bila mashine, kisima kirefu kilichofunikwa siku nyingi chaweza kuwa na hewa mbaya. Wako wanaoshusha mshumaa. Mshumaa ukizimika, ni kweli usishuke. Lakini ukiendelea kuwaka, haukuhakikishii kitu juu ya sumu ya moshi wa mashine, maana mwali huendelea kuwaka ndani yake. Kwa hiyo, mashine ya petroli ikae juu ya ardhi, mbali na mdomo wa kisima. Pampu na chujio vivutwe juu kwa kamba na kutengenezewa juu. Kusafisha kisima ni kazi ya mafundi wenye vifaa vya kupeleka hewa safi chini. Na mtu akianguka kisimani, piga yowe, ita watu na kamba, lakini usimfuate. Zima umeme pia kabla ya kugusa pampu yoyote, hata kama ni kugusa kidogo tu.

Ukiisha kufungua kisima au tangi kwa matengenezo, usinywe maji yake siku ile ile. Mwulize afisa afya wa kata kiasi cha klorini cha kutia, na muda wa kungoja.

Basi, wasomaji wapenzi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi hii kabla ya kwenda sokoni, chukua ndoo na saa, upime bomba lako la jikoni, kisha lile la chini ya tangi. Mpe mtoto wa shule kazi ya kuandika daftari, maana hesabu yake ni ya darasa la tano. Rudia kila mwisho wa mwezi. Siku dakika zitakapoanza kuongezeka, utajua mapema, nawe utajua pa kuanzia. Na fedha ya alizeti itabaki sandukuni kwa ajili ya karo.